Mumeo Hana Mwanamke, Ana Deni

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu yuko Virginia mwaka wa tisa huu, na uraia wa Marekani ameshapata. Tangu Ramadhani amepunguza matumizi kutoka dola 400 kwa mwezi hadi 150. Ati ameahidiwa kazi kwenye kampuni inayolihudumia jeshi la huko, lazima kwanza afanyiwe upekuzi, na madeni ya nyuma yanamkwamisha. Vijideni vya kadi za benki tu! Nyumba yetu Fuoni imesimama kwenye lenta, na harusi ya mdogo wangu ni Mfunguo Sita. Mamake ndiye anayemtia maneno, "lipa deni kwanza." Mimi naona kuna mwanamke. Na kama kweli ni deni, si anyamaze tu kwenye hiyo fomu? Nani atajua? Mama Wawili, Fuoni.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke, miaka tisa si mchezo. Sasa tusemezane.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umetaja lenta, umetaja harusi, lakini hukutaja pahala hata pamoja hizo kadi zilinunua nini. Mtu alipe kodi ya chumba Virginia, ale, avae, kisha kila mwezi atume dola 400 na fundi wa Fuoni alipwe. Hukujiuliza zinatoka wapi? Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi uliila wewe, matanga unamwachia peke yake.

Kuhusu huo upekuzi, mumeo hakudanganyi. Marekani hupima mtu kwa vigezo 13 kabla ya kumpa kibali cha kuona siri za serikali, na cha sita, chenye herufi F, ni mambo ya fedha. Kwenye fomu yao ya SF-86, sehemu ya 26, anaulizwa kama ndani ya miaka saba deni lolote limepitiliza siku 120, kama kadi ilifungwa kwa kutolipwa, kama deni lilipelekwa kwa wakusanya madeni, kama kodi ya serikali haikulipwa. Hakuna kiwango kilichowekwa kwamba chini ya hapo ni "vijideni".

Wana sababu. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1985, madeni yakiwa yamemfika shingoni. Alipokamatwa 1994 alikuwa na nyumba aliyoinunua taslimu kwa dola 540,000. Yeye alifungwa maisha, na mkewe, aliyependa vitu vizuri, akafungwa miaka mitano na ushei. Zingatia hapo kwenye mke.

Eti anyamaze! Taarifa zake za mikopo wanazichota wenyewe kwenye makampuni yanayozitunza. Deni lina utetezi: ugonjwa, talaka, kupoteza kazi, ilimradi mtu aonyeshe alifanya nini baada ya hapo. Uongo kwenye fomu unahesabiwa chini ya kigezo kingine, cha uaminifu, na ni kosa la jinai linaloweza kumfunga miaka mitano. Wengi wangepita na deni lao, wakaangushwa na kuficha.

Ahadi ya "nitalipa nikishapata kazi" haimsaidii. Wanaoamua wanatafuta mwenendo: malipo madogo, ya kila mwezi, yenye stakabadhi. Kukopa huku ili ulipe kule ni kuhamisha deni tu. Kungoja miaka saba deni litoweke kwenye taarifa ya mikopo pia hakumsafishi, na benki ikilifuta deni vitabuni mwake haina maana limelipwa. Aanze na kodi ya serikali, maana hiyo wanaiangalia kwa jicho kali zaidi. Wadai wengine apatane nao kwa maandishi kabla hajatoa hata senti, na deni lisilo lake alipinge kwa barua. Akiletewa waraka wa sababu za kumkatalia, kwa kawaida ana siku 20 za kujibu, na stakabadhi ndizo zitakazomsemea.

Kwa hiyo zile dola 250 zinazokupungukia kila mwezi ndizo ushahidi wake. Ukimlilia akazirudisha kwako, umemvunjia kazi.

Ndoa za siku hizi zimekuwa ofisi ya kutuma na kupokea pesa. Mke anajua bei ya dola kuliko anavyojua mumewe amelala saa ngapi, na simu ikiita, salamu ya kwanza ni "umetuma?" Halafu mwanamume akinyamaza tunasema kaoa.

Wewe una kazi yako. Fomu hiyo inauliza nyumba na ardhi nje ya Marekani, hata zilizo kwa jina la mke, na inauliza raia wa kigeni aliowahi kuwasaidia kwa fedha. Wewe na nyumba ya Fuoni mtaandikwa. Usithubutu kukihamishia kiwanja kwa kaka yako ili "kisionekane". Kusanya hati, risiti za saruji na nondo, na stakabadhi za pesa ulizopokea, upige picha umtumie wiki hii. Fundi asimame. Mdogo wako ataolewa bila seti mpya ya dhahabu kutoka kwa shemegi yake.

Na mama mkwe wako, uliyemwandika kwa ubaya, ndiye pekee katika barua yako nzima aliyempa mumeo ushauri wa maana. Nenda kamsalimie.