Filamu za Wales kuhusu dhuluma: uanzie wapi na vijana wako

Dada, nimekuelewa: unataka kuwaonyesha vijana wa kikundi chako filamu za Wales kuhusu maisha magumu na dhuluma, ila hujui uanzie wapi, na Kiingereza kinawapa wengine shida.

Anza na The Proud Valley ya 1940. Paul Robeson, Mmarekani mweusi, anaigiza baharia anayetafuta kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe kusini mwa Wales. Wachimbaji wengine wanamkataa kwa rangi yake, na mwenzao anawajibu kwamba wakiwa chini mgodini, wote ni weusi. Simamisha filamu hapohapo, waache wabishane. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo watanung'unika mwanzoni, vumilia, inalipa.

Kisha Mr Bates vs The Post Office ya 2024, tamthilia ya televisheni ya sehemu nne kuhusu kisa cha kweli. Alan Bates aliendesha posta ndogo Llandudno, mji wa kaskazini mwa Wales. Kompyuta zilionyesha upungufu wa fedha usiokuwepo, wasimamizi wa posta wakashtakiwa kwa wizi, wengine wakafungwa. Washa maandishi ya chini, maana wanaongea haraka.

The Green Hollow ya 2016 iache kwanza. Inahusu Aberfan, kijiji cha Wales ambako mwaka 1966 lundo la taka za mgodi liliporomokea shule. Walikufa watu 144, watoto 116. Itazame peke yako kabla. Kama kuna kijana aliyefiwa karibuni, usimwonyeshe bila kuongea na mlezi wake, na ikiwezekana mshauri nasaha awepo siku hiyo.