Grafini kwa maji ya kisima cha Lamu?

Ndugu yangu, umeuliza kama chujio la grafini (kaboni ya tabaka jembamba) na polima (kitu cha molekuli ndefu kama minyororo) litakufaa kwa kisima chenu cha Langoni, ambacho maji yake yamekolea chumvi. Kwa chumvi, la, usitupe pesa. Hiyo yataka mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kwenye utando. Chujio unalosema kazi yake ni kunasa metali nzito kama risasi na kadimiamu.

Oksidi ya grafini, ndiyo inayotumika humo, ni tabaka jembamba mno la kaboni, lenye vikundi vya oksijeni vya chaji hasi. Ioni za risasi, yaani chembe zake zenye chaji chanya, hugandia hapo. Lakini ikiwa peke yake huzagaa majini kama vumbi, na kuitoa ni balaa. Ndiyo maana huchanganywa na polima, mathalani kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa (haya haya tunayoyatupa kila siku!). Kitosani nayo hushika metali, na mchanganyiko hutengenezwa punje au sifongo unayoweza kuitoa. Maji yakiwa na asidi nyingi, ioni za haidrojeni hugombea nafasi zile zile na risasi hubaki majini.

Pima kwanza maabara. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Na kama mnakunywa maji ya jabia, tangi la maji ya mvua kutoka paani, kagueni rangi ya zamani ya paa na betri kuukuu zilizowekwa juu yake, kwani zaweza kuwa na risasi.