Maswali na majibu: Dawa ipi, lini, na nani aamue?

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: daktari wa magonjwa ya akili anaamuaje pale ambapo kila njia ina madhara yake? Nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Dawa mbili hazikumsaidia. Sasa daktari anataka kumwanzishia klozapini na anasema lazima apimwe damu kila wiki. Kama ni dawa nzuri, mbona hakumpa tangu mwanzo? Na kama ni ya hatari, kwa nini ampe?

Hapo umegusa penyewe. Klozapini ilipata sifa mbaya mwaka 1975, wagonjwa kadhaa Ufini walipofariki baada ya chembe nyeupe za damu kushuka mno na mwili kushindwa kupambana na maambukizi. Ikabanwa sana. Kisha mwaka 1988 ukachapishwa utafiti wa Marekani uliowahusu wagonjwa ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Kati ya waliopewa klozapini, asilimia 30 walipata nafuu ndani ya wiki 6. Waliopewa klopromazini, dawa ya zamani zaidi ya ugonjwa huohuo, asilimia 4 tu. Ikarudi, ila kwa masharti.

Ndiyo maana kwa kawaida madaktari husubiri hadi dawa mbili tofauti zijaribiwe, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa wiki 6 hivi. Swali la kwanza ninalouliza hapo: hizo mbili alikuwa anazimeza kweli? Dawa iliyobaki kwenye droo haijashindwa, haijajaribiwa. Lakini ikithibitika alizimeza, basi kuchelewa ndiko kunakodhuru. Sisi madaktari huchelewa mno, tunajaribu ya tatu, ya nne, ya tano. Nadhani najua sababu. Mgonjwa akifa kwa dawa uliyoiandika wewe, jina lako lipo kwenye karatasi. Miaka yake ikipotea polepole chumbani, hakuna anayeulizwa. Woga huo unaeleweka, lakini anayeulipia ni mgonjwa.

Hatari ya chembe nyeupe ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo, kwa hiyo vipimo huwa vya kila wiki kisha hupunguzwa. Akipata homa au koo likimuuma, aende kupimwa siku hiyohiyo, asingoje tarehe yake. Na muulizeni kuhusu choo. Kufunga choo kwa sababu ya klozapini kumewahi kuua watu, na wengi huona haya kulitaja.

Nina ugonjwa wa hisia mseto, ule wa baipola, hisia zinapopanda mno kisha kushuka mno. Dawa ya valproati imenituliza miaka minne. Nataka kupata mtoto, daktari anasema nibadilishe dawa kwanza. Naogopa kuugua tena.

Hofu yako ni ya haki, na ya daktari wako pia. Mama akitumia valproati akiwa mjamzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, ikiwemo uti wa mgongo usiofunga sawasawa. Tena watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata shida za ukuaji, kama kuchelewa kusema au kujifunza kwa taabu. Tarakimu hizo siwezi kuzifumbia macho.

Ila usiiache ghafla. Ugonjwa ukirudi mimba ikiwa imeshaingia, mnaumia wote wawili. Kinachofanyika ni kubadilisha taratibu ukiwa bado unatumia uzazi wa mpango, halafu kungoja miezi kadhaa kuona kama dawa mpya inakushika. Lithiamu ni mojawapo, nayo ina yake: huongeza kidogo uwezekano wa kasoro ya moyo wa mtoto, na kiwango chake katika damu hubadilika mimba inavyokua, hivyo utapimwa mara kwa mara. Dawa isiyo na lawama hapa haipo. Ukitoka kliniki, uwe na mpango ulioandikwa, hasa wa wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwani ndipo ugonjwa huu hupenda kurudi kwa kishindo. Nani ataamka na mtoto usiku ili wewe ulale? Liandikwe na hilo.

Nilipouliza kama dawa mpya ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, itanifaa, daktari alijibu, "Sijui, tutaona." Nitafute mwingine?

Baki naye. Muulize tu mtaona lini, na kwa dalili zipi. Kama hana tarehe, hapo ndipo pa kulalamika.

Baba anakataa vidonge, anasema tunataka kumwua. Tumtilie kwenye chakula kimyakimya?

Msifanye hivyo. Najua mmechoka. Lakini mtu anayehisi anawekewa sumu, siku akikuta kidonge kwenye sahani atakuwa amepata ushahidi, na chakula chenu hatakigusa tena. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kutoelewa chochote, jambo hili huweza kufikiriwa, na hata hapo huamuliwa na familia pamoja na wahudumu, huandikwa kwenye faili, na mfamasia huulizwa kama kidonge hicho kinasagika.

Kwanza mjue anakataa nini. Mara nyingine nyuma ya habari za sumu kuna mikono inayotetemeka, usingizi wa mchana kutwa, au nguvu za kiume zilizopungua ambazo hatazitaja mbele ya watoto wake. Mpeni nafasi azungumze na daktari peke yake. Ipo pia sindano ya mara moja kwa mwezi. Wapo wanaoipenda kwa sababu inamaliza ugomvi wa kila asubuhi.

Nilisikia sauti za watu wasiokuwepo kipindi kimoja tu. Sasa ni mwaka na nusu niko salama. Mbona daktari hataki niache dawa?

Kwa muda mfupi, takwimu ziko upande wake: wanaoacha hurudiwa na ugonjwa zaidi. Ila kuna utafiti wa Uholanzi uliotikisa wengi wetu. Matokeo yake ya miaka 7, yaliyotoka 2013, yalionyesha kuwa kati ya waliopunguziwa dawa mapema, asilimia 40 walikuwa wamerudi kwenye maisha yao, na kati ya walioendelea na dawa kama kawaida, asilimia 18 hivi. Usiushike kama rungu la kumpigia daktari. Watu walikuwa 103 tu, na wengi wa hao waliopunguziwa hawakuacha kabisa.

Ningekuwa daktari wako ningeuliza kwanza: ulipougua, ulifanya nini? Kama ulikaribia kujiua, ningekusihi ubaki. Kama sivyo, tungepunguza kidogo kidogo kwa miezi, mtu wa nyumbani akichunga usingizi wako, na si katika msimu wa mitihani wala wa harusi.

Mama ana sonona kali, hali wala hanywi. Wanapendekeza tiba ya umeme. Si ukatili huo?

Katika tiba hii umeme hupitishwa kichwani ili kuleta degedege fupi. Ilipoanza Roma mwaka 1938 hapakuwa na nusukaputi, na wagonjwa walivunjika mifupa. Leo mgonjwa hulazwa usingizi, misuli hulegezwa, na degedege lenyewe kwa kawaida halizidi dakika moja. Hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12. Gharama yake ni kumbukumbu: matukio ya majuma hayo yanaweza kufutika, na kwa baadhi ya watu hupotea zaidi ya hapo. Lakini dawa za sonona huchukua wiki kadhaa, na mtu asiyekunywa maji hana wiki hizo. Ila kama mama, alipokuwa mzima, aliwahi kusema hataki tiba hii, mwambieni daktari leo, kabla hajaanza.