Baba mdogo, makaa ya mawe huku Kentucky yamemtajirisha nani?

Baba mdogo, shikamoo. Uliandika kwenye kundi la ukoo kwamba kwa kuwa naishi Kentucky, jimbo la makaa ya mawe, niseme ukweli: watu wa huku wametajirika? Mdogo wangu naye akadakia, eti kama kuna kazi mgodini nimfanyie mpango. Naelewa mnakotoka. Mgodi wa makaa wa Ngaka si mbali na nyumbani, na wanaokuja kupimapima vilima vyetu hawaishi. Najibu hapa hadharani kwa sababu si ninyi peke yenu mnaouliza.

Mimi nakaa Lexington, mjini, ambako hakuna makaa. Kuna farasi wa mbio, na kuna Wakongo wengi, hata Kiswahili nakizungumza kanisani na dukani kama niko Songea. Lakini kazi yangu ni kusambaza mashine na mitungi ya oksijeni majumbani, na njia yangu inaelekea mashariki, milimani: Hazard, Harlan, Inez. Ukanda huo wanauita Appalachia. Wateja wangu wengi ni watu wa makaa.

Yupo mzee mmoja, mpira wake wa oksijeni unatoka sebuleni mpaka jikoni, na unapoishia mpira ndipo safari zake zinapoishia. Anasema maneno matatu manne, anatulia, anavuta hewa, anaendelea pale pale alipoachia, na ole wako umalizie sentensi kwa niaba yake. Huyu hakuwahi kuchimba chini ya ardhi. Alikuwa juu ya mlima akichoronga mwamba ili baruti iwekwe. Vumbi la mwamba lina silika, madini yale yaliyomo kwenye mchanga, na silika inaumiza mapafu kuliko vumbi la makaa lenyewe. Kwa wa chini ya ardhi takwimu zipo: watafiti wa serikali kuu walitangaza mwaka 2018 kwamba Appalachia ya kati, katika wachimbaji waliofanya kazi miaka 25 na zaidi, mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa mapafu meusi. Hii ni Marekani, karne hii, si zama za taa ya kandili.

Sasa mlima wenyewe. Nyumbani Mmatengo anachimba ngoro mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Huku wanafanya kinyume chake. Msitu unafyekwa wote. Mashimo yanachorongwa, yanajazwa amonia naitreti, ile ile ya mbolea, iliyochanganywa na dizeli, kisha yanalipuliwa. Kilele kinashushwa futi mia na zaidi mpaka makaa yaonekane, na wakati mwingine tabaka lenyewe halifiki hata kimo cha mtu. Nyumba za chini zinatikisika, kuta zinapata nyufa. Mwamba ukishavunjwa unavimba, hauwezi kurudi wote ulikotoka, kwa hiyo kifusi kinachozidi kinamwagwa bondeni, na bondeni ndiko vijito vinakoanzia. EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, imekadiria kwamba karibu maili 2,000 za vijito zimefukiwa namna hiyo, zaidi ya kilomita 3,000.

Maji yanayochuruzika chini ya vifusi hivyo yanatoka na salfeti, na kuna yanayotoka na seleniamu, ambayo inalemaza samaki. Kuna nyumba naingia sinki limekuwa rangi ya kutu. Mama mwenye nyumba ananipa maji ya chupa, ananiambia ya bomba hampi hata mbwa wake. Sisemi kila kisima kibovu kimeharibiwa na mgodi. Chuma kipo ardhini tangu zamani. Ila tabaka lililolala kimya ukilifukua, kilichokuwa kimefukiwa unakutana nacho kwenye kikombe.

Halafu tope. Makaa yakioshwa yanaacha tope jeusi, nalo linahifadhiwa kwenye mabwawa huko juu, makazi yakiwa chini. Usiku wa Oktoba 11, 2000, wilaya ya Martin, ambako mji wake ni Inez, sakafu ya bwawa moja ilitoboka. Tope likaporomokea kwenye mgodi wa zamani uliokuwa chini yake, likatokea mitoni: zaidi ya lita bilioni 1. Hakufa mtu. Buffalo Creek, jimbo jirani la West Virginia, hawakubahatika. Asubuhi ya Februari 26, 1972 bwawa lilipasuka, watu 125 wakafa, na kampuni ikasema ni kazi ya Mungu. Msiba ule ulichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1977 inayosimamia migodi ya wazi.

Kuhusu utajiri, sikiliza, baba mdogo. Zamani mawakala walipita milimani wakinunua haki ya kilichomo chini ya ardhi kwa senti tu kwa ekari, mkulima akabaki na shamba juu, akidhani amewazidi ujanja. Mashine kubwa zilipokuja, wajukuu wakaambiwa karatasi ya babu inaruhusu hata shamba kuchimbuliwa. Ilibidi wapiga kura wa Kentucky wabadilishe katiba ya jimbo mwaka 1988 kuzuia hilo. Kwetu madini ni ya Jamhuri, si ya mwenye shamba, kwa hiyo mtego wetu utakuja na sura nyingine, lakini karatasi ni karatasi. Isomeni yote.

Na mdogo wangu, kazi unayoiulizia ndiyo ambayo wenyeji wanaililia. Mlima unaokatwa juu unahitaji watu wachache na mashine kubwa. Ndiyo faida yake kwa tajiri. Wilaya ya Harlan ilikuwa na watu zaidi ya 75,000 mwaka 1940. Mwaka 2020 hawakufika 27,000. Julai 2019 kampuni moja ilifilisika, hundi za mishahara zikakataliwa benki, wachimbaji wa Harlan wakaenda kukaa relini kuzuia treni iliyobeba makaa waliyoyachimba wenyewe. Na hao ni raia, wana wanasheria, sembuse wewe.

Lakini msije mkawasimanga hawa watu. Wengi wana fahari na makaa, wanabandika vibandiko kwenye magari, na ukimtukana mgodi mbele ya yule mzee wangu atakutoa nje, awe na pumzi au hana. Mgodi ulimjengea nyumba na kumsomeshea mabinti. Nami nikiwasha taa Lexington sina wa kumlaumu, maana umeme wa jimbo hili bado kwa sehemu kubwa ni wa makaa. Wapo pia wanaokuonyesha milima iliyosawazishwa ikaoteshwa majani. Kweli, kuna mahali wamerudisha paa wakubwa na watalii wanakuja. Msitu wa zamani, wenye mizizi ya dawa waliyokuwa wakichimba wazee, sijauona ukirudi.

Kwa hiyo mkiitwa mkutano wa kijiji, msiishie kuuliza ajira ngapi. Ulizeni kifusi kitamwagwa wapi, na kijito gani kipo hapo. Ulizeni fedha za kurekebisha ardhi zimewekwa wapi sasa hivi, kabla ya tani ya kwanza, maana huku kampuni zimefilisika na dhamana zilizokuwepo hazikutosha. Na kabla kijiko hakijagusa udongo, chukueni maji ya visima na ya mto yakapimwe maabara, pigeni picha kuta za kila nyumba, tarehe ionekane, nakala moja ikae kwa mtendaji na nyingine mnitumie mimi. Gharama ya maabara tuichange sisi wa nje. Nimeshaongea na shangazi aliye Muscat, amekubali.