Jalidi imechoma maua ya matunda? Usishike msumeno kwanza

Pole sana mkuu. Umesema mtufaha na mfyulisi (mpichi) wako ilikuwa imechanua vizuri, jalidi ikashuka usiku, na sasa unauliza kama mavuno yamekwenda na kama ukate matawi yaliyoungua. Kukata, hapana. Kuhusu mavuno, usiziamini petali. Nimeshaona mti mweupe pee usio na ua hata moja lililo hai, na mwingine uliosinyaa ambao baadaye ulizaa mpaka nikauwekea miega.

Ngoja barafu iyeyuke kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake. Chuma maua ya juu, ya chini, ya ndani na ya nje ya mti, kisha yapasue katikati kwa wembe mpaka kwenye kikonyo. Tazama kijiti cha katikati na kile kijitunda kichanga kilicho chini yake. Kikiwa kijani, ua lingali hai. Kikiwa cha kahawia au cheusi, limekufa, hata petali zing'ae namna gani. Stroberi hazihitaji wembe: ua lililokufa lina jicho jeusi.

Halafu hesabu. Mtufaha uliojaa maua, ua moja tu katika kumi likishika tunda, mavuno yanatosha. Mengine ungeyapunguza mwenyewe kwa mkono. Ukikuta saba katika kumi yameungua, mimi nisingelia. Ila tofauti ni ndogo mno: maua ya mtufaha yaliyofunguka, nyuzi 2 hivi chini ya sifuri huua kama moja katika kumi, nyuzi 4 huua karibu yote. Vichipukizi ambavyo havijafunguka huvumilia baridi kali zaidi ya hiyo. Ndiyo maana mfyulisi huumia mara nyingi: si mdhaifu, unawahi tu kuchanua.

Usishangae ukikuta matawi ya chini yameungua na ya juu yamepona. Usiku wa anga wazi usio na upepo, ardhi hupoteza joto, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni au nyuma ya ukuta.

Safari ijayo, mwagilia udongo mchana, nyasi ziwe fupi, na funika mti kwa shuka kabla jua halijazama. Shuka lifike chini. Wengi hulifunga kwenye shina kama mwavuli, na hapo wanalizuia joto la ardhini, ambalo ndilo wanalolitaka. Plastiki isiguse maua. Asubuhi funua.

Ushauri uliosema umepewa, wa kunyunyizia maji usiku, ni wa kweli lakini mimi siupendi kwa bustani ya nyumbani. Gramu 1 ya maji ikiganda hutoa kalori 80 hivi za joto. Ikigeuka mvuke hunyonya karibu 600. Maji yakikatika kabla barafu haijayeyuka, yaliyobaki hugeuka mvuke na kunyonya joto la mti, na hapo unaupoza kuliko kama ungeuacha.

Mzabibu wenye machipukizi yaliyoungua utachipua tena kwenye macho ya akiba, ingawa utazaa kidogo. Mbolea ya naitrojeni iache kwa sasa. Mti usio na mzigo wa matunda utaimalizia kwenye matawi marefu yasiyo na faida. Baada ya wiki chache majani mapya yatakuonyesha mpaka wa kilichokufa, hapo ndipo ukate. Matunda yatakayobaki na pete za ngozi ngumu, kula tu.