Kula mchana Lamu mwezi wa Ramadhani
Mtu hakatazwi kula mchana, ila mgeni anayekaa Lamu mjini atatafuta sana chakula mchana wa Ramadhani. Mikahawa mingi ya mitaa ya Langoni na Mkomani hufungwa mpaka magharibi, maana hata wapishi wenyewe wamefunga. Mimi ni wa hapa Langoni, ndivyo ilivyo kila mwaka. Hoteli na nyumba za wageni huwapikia wageni wao, hasa kijiji jirani cha Shela: panda boti, au tembea dakika 40 hivi ukifuata ufuo. Kama umepanga nyumba, jipikie, samaki na mboga sokoni wapo. Kula au kunywa maji njiani ndiko kusikopendeza. Hakuna askari atakayekushika, ni adabu tu.

Na usihuzunike bure, raha yenyewe ni usiku. Adhana ikishalia teremka pwani: viazi karai vinaopolewa mafutani na ganda lao la manjano, unamiminiwa ukwaju wa pilipili juu, unakula umesimama. Mishkaki, kaimati, mkate wa mofa. Baada ya tarawehe ni kahawa chungu na bao pale Mkunguni, mbele ya ngome. Bia mji mkongwe ni adimu mwaka mzima, si Ramadhani pekee.