Barua kwa mwanangu: wale wanane wasioandikwa majina

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia, pamoja na nakala ya picha uliyoikuta katika sanduku la marehemu bibi yako. Umeniuliza watu hawa tisa waliopigwa picha hapa Bagamoyo walikuwa akina nani, na ikiwa wajukuu na vitukuu wao wangalipo, utawapataje. Umesema umeanza na yule Mzungu aliyeketi katikati, kwa kuwa nyuma ya picha limeandikwa jina lake peke yake.

Umeanza palipo rahisi, wala si vibaya, ilimradi usiishie hapo. Wajerumani waliandika sana habari za watu wao. Sehemu ya majalada ya utawala wao imo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine yako Ujerumani. Hata picha zilizokusanywa na jumuiya yao ya kikoloni zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na unaweza kuzitazama kwa intaneti. Mtafute huko ujue alikaa Bagamoyo miaka ipi, kwa sababu miaka hiyo ndiyo tunayoihitaji. Mengine ya maisha yake hayatutatizi. Kazi yenyewe ni wale wanane.

Picha nayo ina ushahidi wake. Umesema nyuma ina mstari wa wima unaotenganisha nafasi ya anwani na nafasi ya maneno, na postikadi za namna hiyo ziliruhusiwa Ujerumani mwaka 1905. Kwa hiyo karatasi hii haielekei kuwa ya kabla ya mwaka huo, ingawa picha yenyewe huenda ilipigwa mapema zaidi na kusafishwa baadaye. Upande wa pili, Waingereza waliuteka mji huu Agosti 1916, na afisa wa Kijerumani asingeketi hivyo, akiwa na sare yake, baada ya hapo. Unapowauliza wazee, basi, uliza habari za watu waliokuwa wazima katika miaka hiyo, usiwachoshe kwa maswali ya enzi zote.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike kirefu. Umemtaja mwanamke aliyesimama pembeni amejifunga kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, ilhali wenzake wamevaa kanga, ukasema bila shaka alikuwa mtumwa. Mwanangu, usiseme bila shaka. Ni kweli kaniki ilihusishwa na utumwa, na ni kweli kwamba Wajerumani hawakuufuta utumwa; walichoamuru ni kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na sheria ya kuukomesha kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza. Lakini kaniki ilikuwa pia nguo ya kazi, na mwanamke huru aliyetoka shamba aliivaa kama mwingine yeyote. Picha inatuonyesha alivyovaa siku hiyo; daraja lake haituambii. Inawezekana katika kundi hilo mna bwana, mna mtumwa na mna aliyekwisha kupata uhuru wake, wote mbele ya kamera moja, na sisi kwa macho tu hatuwezi kuwatenga.

Ndiyo maana nakuomba, utakapoingia nyumba za watu, usimwulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Mji huu ulimpa heshima Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma hata akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria, akafariki mwaka 1931. Asili yake haikumzuia, wala haikufichwa. Hata hivyo zipo familia zilizochagua kunyamaza, zikachukua ukoo wa bwana au kabila jipya, na watoto wamekulia humo. Ukimya huo ni haki yao. Wewe waamkie, keti, onyesha picha, uliza tu: huyu mnamfahamu? Kisha sikiliza. Usiitume katika makundi ya simu ikiwa na majina uliyoyakisia, maana jina lililokosewa likishasambaa halirudi.

Kuhusu maandishi, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa hapa mwaka 1868 na kuwapokea watumwa waliokombolewa. Ikiwa kuna Mkristo katika picha, vitabu vya ubatizo na ndoa ndivyo vya kuomba kwanza. Kwa Waislamu, tafuta hati za nyumba, za wakfu na za mirathi, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu. Mjomba wako atakusomea. Usidhani pia kwamba uzao wao wote uko Bagamoyo. Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, reli ya kati ikaanzia huko mwaka 1905, na kazi ikawafuata watu au watu wakaifuata kazi. Wapagazi wengi wa misafara walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo kitukuu unayemtafuta anaweza kuwa Tabora.

Wanawake ndio watakaokusumbua zaidi. Miongoni mwa wale waliouleta mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mzungu, hadi Bagamoyo Februari 1874, Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo wakapigwa picha, na tunajua Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Halima, aliyekuwa mpishi katika msafara uleule, hakupelekwa kupigwa picha. Kwako wewe wanawake wamo pichani, na hiyo ni bahati kubwa. Basi anza na huyo wa kaniki kabla ya yeyote, na uwaulize akina bibi kabla ya akina babu.

Chapisha nakala kubwa, uso mmoja kwa karatasi moja, kwa sababu macho ya wazee hayaoni tena sura ndogo, na uzilete kabla ya Ramadhani. Nitakupeleka mwenyewe kwa bibi wawili wa mtaani kwetu ambao mama zao walimjua bibi yako.

Wasalaam,
Mama yako